Waya imeota kutu, au si ile uliyoagiza? Ulinganisho wa njia za kumalizana na muuzaji wa kebo Nairobi

Fundi wangu alikuwa anafunga swichi kwenye nyumba ya kupangisha kule Utawala, ghorofa ya pili, akanipigia simu nikiwa ndani ya matatu. "Boss, shaba ya hizi waya ni nyeusi." Nikamwambia akate sentimita 20 nyuma, avue ganda, atazame tena. Nyeusi. Mita moja nyuma? Nyeusi vilevile, ila alipokwaruza kwa kisu, chini ya ule weusi pakatokea rangi nyeupe, ile ya sufuria.

Tulikuwa tumeshajipanga kwenda dukani kulalamika kwamba tumeuziwa waya zilizoota kutu. Kisu kikabadilisha kesi. Hiyo haikuwa shaba iliyochakaa bali alumini iliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba, na karatasi ya roli ilikuwa imeandikwa shaba tupu. Ugomvi wa kutu ukawa ugomvi wa vipimo. Kwa mnunuzi hiyo ni afadhali kubwa, na watu wengi hawajui kwa nini. Ndiyo maana nimeandika haya: kabla ya kuchagua uende kwa nani, jua kwanza unadai nini.

Ugomvi wa kutu na ugomvi wa vipimo

Kwa kutu, muuzaji ana milango mingi ya kutokea. Wa kwanza ni stoo yako. Kebo iliyokatwa mwisho wake ukaachwa wazi hunyonya maji ya mvua, na maji hayo hutambaa kati ya nyuzi za ndani kama mafuta kwenye utambi. Ukiacha drumu, lile gurudumu kubwa la kebo, kwenye ua mwezi wa Aprili bila kuziba ncha, mita kadhaa za mwanzo zitakuwa nyeusi au kijani, na hakuna wa kumlaumu ila wewe. Mlango wa pili ni fundi: lagi ya shaba, kile kishikio cha kufungia ncha ya kebo, ikikazwa moja kwa moja kwenye kebo ya alumini, unyevu ukaingia, alumini huliwa haraka kwa sababu metali hizo mbili zikilowa pamoja huwa kama betri. Wa tatu ni mzigo. Waya ikizidiwa na umeme mpaka ganda la PVC likaungua, ganda hilo hutoa hewa ya tindikali ambayo huigeuza shaba kijani. Muuzaji mjanja akiona kijani na ganda lililokakamaa ameshapata jibu.

Mlango wa nne ni udongo. Waliojenga Embakasi, Utawala na maeneo ya kuelekea Athi River wanaujua udongo mweusi wa mfinyanzi: kiangazi unapasuka mtu anaweza kuingiza mkono, masika unashika maji wiki nzima. Kebo ya ama, ile yenye nyaya za chuma zilizopakwa zinki chini ya ganda la nje, ikichubuliwa na jiwe wakati wa kuvutwa mtaroni, udongo huo utamaliza zinki kisha chuma. Kebo hiyohiyo kwenye udongo mwekundu wa Karen unaopitisha maji ingechelewa zaidi kuoza. Muuzaji atauliza: kabla ya kufukia, ulipima ganda kwa mega, kile kifaa cha kuonyesha kama ganda linavujisha umeme? Kama huna karatasi ya kipimo hicho, umekwama.

Kwa hiyo swali kuu la kutu ni moja: imeanzia wapi? Kata ncha, kisha rudi nyuma mita moja, mita tano, na katikati ya roli ukiweza. Ikiwa ncha pekee ndiyo nyeusi na ndani shaba inang'aa, hiyo ni hifadhi mbaya, na kilichobaki kujua ni drumu ilikuwa kwa nani mvua ilipoinyeshea. Ikiwa ni nyeusi mwanzo hadi mwisho ndani ya roli ambayo haijafunguliwa, basi una kesi. Kwa nyaya za ama, tofautisha unga mweupe na kutu nyekundu. Unga mweupe ni zinki iliyolowa ikiwa imehifadhiwa mahali pasipo na hewa. Aghalabu ni wa juujuu na kebo bado inafaa. Nyekundu ina maana zinki imekwisha mahali hapo na chuma ndicho kinacholiwa. Nimeona wanunuzi wakikataa drumu nzima kwa sababu ya unga mweupe, nikaona wengine wakipokea ile nyekundu kwa vile "itazikwa tu".

Ugomvi wa vipimo una mlango mmoja wa kutokea: "Hiyo waya si yangu." Ukiwa na risiti ya ETR (ile ya mashine ya kodi), hati ya kupokea mzigo na picha ya maandishi yaliyopigwa kwenye ganda, mlango huo nao umefungwa. Kilichobaki ni namba, na namba haijui nani alilaza roli kwenye mvua.

Ila ni lazima uwe na namba sahihi, na hapa niliwahi kuaibika. Miaka michache iliyopita fundi alipima waya ya 2.5, yaani ya milimita mraba 2.5, kwa vania, kile kifaa cha kupimia unene, akapata kipenyo cha milimita 1.73. Ukipiga hesabu, hiyo ni milimita mraba 2.35. Nikaenda Industrial Area nimefura. Fundi mitambo wa kiwanda alinisikiliza, akachukua roli, akaifunga kwenye mtambo wake wa kupima ukinzani, yaani jinsi waya inavyozuia umeme, unaohesabiwa kwa omu. Ukasoma omu 0.745 kwa mita 100. Nikaruka, kwa sababu kiwango cha kimataifa, IEC 60228, kinasema 2.5 ya shaba isizidi omu 7.41 kwa kilomita, yaani 0.741 kwa mita 100. Akatabasamu, akanionyesha kipimajoto ukutani: nyuzi 24. Kiwango ni cha nyuzi 20, na ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Ukirudisha hesabu unapata 0.733. Waya ilikuwa halali kabisa.

Hilo wengi hawalijui: "2.5" ni jina. Kinachopimwa kisheria si unene bali ukinzani. Shaba safi sana inaweza kuwa nyembamba kidogo na bado ipite. Shaba chafu inaweza kuwa nene na ianguke. Ukienda na vania utarudi na vania yako.

Namba nyingine za kubeba mfukoni, kikomo cha omu kwa kilomita, shaba: ya 1.5 ni 12.1, ya 4 ni 4.61, ya 6 ni 3.08, ya 10 ni 1.83, ya 16 ni 1.15, ya 25 ni 0.727. Kwa alumini: ya 10 ni 3.08, ya 16 ni 1.91, ya 25 ni 1.20. Angalia vizuri: alumini ya 10 inalingana na shaba ya 6. Anayekuuzia moja kwa jina la nyingine anajua anachofanya.

Bila mtambo wa kiwandani, mita ya kawaida haitakusaidia kwa omu chini ya moja, maana nyaya zake zenyewe zina ukinzani wa kutosha kuharibu jibu. Sisi hutumia betri ya gari na balbu ya indiketa: umeme unapita kwenye balbu, kisha kwenye roli nzima. Unapima ampea zinazopita, unapima volti kati ya ncha mbili za roli, unagawanya volti kwa ampea. Roli haihitaji kukunjuliwa. Ila pima urefu kwanza au hesabu mizunguko, kwa sababu roli fupi huficha waya mbovu: mita 80 za waya hafifu zinaweza kusoma kama mita 100 za waya nzuri.

Na mizani ya jikoni haidanganyi. Vua mita 10 za 2.5. Shaba itakuwa na gramu 210 hadi 220 hivi. Ile ya alumini iliyovishwa shaba itakuwa kama gramu 80. Zile za Utawala, sitasahau, tulizipimia kwa mama muuza mchele jirani na saiti. Mama mwenyewe alishika kile kifurushi cha waya, akasema, "Hii ni nyepesi kama nywele za bandia." Hakuhitaji mizani.

Njia ya kaunta

Watu huanzia hapa, na wanafanya sawa, ila wanaanza vibaya. Kupiga kelele dukani River Road saa tano asubuhi, wateja wamejaa, kunamlazimu mwenye duka ajitetee mbele ya watu. Nenda saa kumi na moja jioni anapofunga hesabu. Beba ile roli, beba kisu, mwache akwaruze mwenyewe.

Mwenye duka letu ni mzee, na kwa heshima niliketi kwanza, tukaulizana habari za nyumbani, ndipo nikaweka roli juu ya kaunta. "Mzee, naomba uikwaruze." Akaikwaruza. Akanyamaza, akaikwaruza tena upande wa pili. "Kijana, hizi nami nimeletewa." Nilimwamini, na pia sikujali. Duka ndilo lililochukua pesa zangu. Nani alilidanganya duka ni shauri lao.

Uzuri wa kaunta ni kasi, na uhusiano unabaki. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida inalipa bidhaa tu. Fundi aliyelipwa kuvuta waya, kuta zilizopigwa plasta, mpangaji anayesubiri: hayo muuzaji atakuambia pole. Kwa kutu ni vigumu zaidi, maana mtaketi mkibishana kuhusu mvua. Kama ni roli mbili tatu, chukua mbadala uende. Usiandike popote kwamba "sina madai mengine" mpaka mbadala wenyewe umeupima.

Kipimo cha pamoja

Hii ndiyo ninayoipenda kwa drumu na kwa oda kubwa, na sielewi kwa nini haitumiki zaidi. Mnakubaliana kwa maandishi, ukurasa mmoja: sampuli zitakatwa mbele ya pande zote mbili, mita ngapi kutoka wapi kwenye drumu, zitafungwa na kutiwa saini, zitapelekwa maabara gani, kwa kiwango kipi, na atakayeshindwa ndiye atakayelipa maabara. Mara nyingi muuzaji anayejua ubovu wake hafiki kwenye saini. Anajitolea kubadilisha mzigo siku hiyohiyo.

KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, pale Barabara ya Popo karibu na South C, wana maabara zinazopima kebo, na matokeo yao yana uzito mbele ya mtu yeyote hapa nchini. Kata sampuli tatu: moja ya maabara, moja ya muuzaji, moja yako. Ukikata moja na kuipeleka peke yako, jibu litakuwa kwamba umeenda kukata waya ya watu wengine.

Kwa kutu, kipimo cha pamoja kinasaidia nusu tu. Maabara itakuambia zinki ina unene gani na shaba ina hali gani leo. Haitakuambia nani aliacha drumu nje mwezi uliopita. Hapo picha uliyopiga siku ya kupokea, ikionyesha vifuniko vya ncha, ina thamani kuliko maabara yote.

Malalamiko serikalini

Watu huchanganya kuadhibiwa kwa muuzaji na kurudishiwa pesa. KEBS inaweza kukamata na kuharibu bidhaa zisizofikia kiwango. Kazi yake si kukudai pesa zako. Ukipiga ripoti siku ya kwanza, stoo ikafungwa, muuzaji hana tena sababu ya kuongea nawe. Mimi huiweka njia hii mwishoni, isipokuwa mahali penye hatari kwa watu: waya feki ndani ya kuta za nyumba ambazo watu wamelala si jambo la kusubiri mazungumzo.

Jambo la kufanya mapema, kabla hata ya kununua, ni kuhakiki alama ya ubora: andika SM#, ufuatishe namba ya kibali, tuma kwa 20023. Na kama jina la kiwanda kinachojulikana limeigwa, wapigie kiwanda chenyewe. Kiwanda kilichoibiwa jina kina hasira kuliko wewe, kina mawakili, na kinajua njia ya kwenda kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi.

Mahakama ya Madai Madogo

Mahakama hii ilianza Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na kwa mkandarasi mdogo imebadilisha mambo. Dai lisizidi shilingi 1,000,000. Sheria inataka kesi isikizwe na kuamuliwa ndani ya siku 60. Kanuni ngumu za ushahidi hazifuatwi, unaweza kusimama mwenyewe, na rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee. Dai la bidhaa zilizouzwa limo ndani ya mamlaka yake waziwazi.

Hapa tofauti ya kutu na vipimo inajitokeza kuliko mahali popote. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 15, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Karatasi imeandikwa shaba, ndani kuna alumini: hakuna cha kubishania. Kutu huangukia kifungu cha 16, ubora wa bidhaa, na kifungu hicho kina mwiba: kama ulikagua bidhaa, huwezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha. Kutu nyekundu kwenye drumu inaonekana kwa macho. Uliitazama, ukatia saini "imepokewa katika hali nzuri", basi umejifunga mwenyewe. Shaba ya uongo chini ya ganda haionekani na mtu anayepokea mzigo getini.

Kuna na muda. Una miaka sita kudai fidia ya mkataba uliovunjwa, lakini haki ya kukataa mzigo wenyewe huisha mapema mno. Ukikaa nao kupita muda wa kadiri bila kusema neno, au ukaanza kuutumia kama mali yako, umeukubali. Utabaki kudai fidia tu. Kwa hiyo siku unayogundua kasoro, simamisha kazi na uandike barua. Ujumbe wa WhatsApp wenye picha na tarehe ni bora kuliko kukaa kimya, lakini barua iliyopigwa muhuri wa kupokewa ni bora zaidi.

Ikizidi milioni moja unaenda kwa hakimu wa kawaida, na huko kalenda ni ya Mungu. Kwa miradi mikubwa mikataba huwa na kipengele cha usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 1995. Kikiwepo, mahakama itawarudisha huko ukikimbilia kwake na mwenzako akapinga mapema. Msuluhishi mnamlipa nyinyi, na uamuzi wake ni vigumu kuutengua. Kwa drumu moja ya kebo ni kumwua mbu kwa rungu.

Ningechagua ipi

Roli chache, kasoro ya vipimo, nyumba bado haijapigwa plasta: kaunta, jioni, na kisu. Drumu au oda ya laki kadhaa na muuzaji bado anapokea simu: kipimo cha pamoja, hata kama ni kutu, ilimradi ulipiga picha siku ya kupokea. Muuzaji amezima simu na una karatasi zote: Milimani, wala usimbembeleze. Kutu, huna picha, ulisaini hali nzuri, kebo imeshafukiwa: kubali punguzo lolote utakalopewa, hata dogo. Najua inauma.

Na sisi wa Utawala? Roli zilikuwa 14. Tisa zilikuwa stoo hazijaguswa, tano zimeshavutwa. Mzee alibadilisha zote 14 kwa waya tulizozipima palepale kwa betri na balbu, ila alikataa kulipa gharama ya kuvuta upya. Milimani ningeshinda, naamini, kwa ile karatasi ya roli. Lakini mwenye nyumba alikuwa ameahidi wapangaji tarehe moja ya mwezi, na karatasi yangu mwenyewe ya kuagiza ilinitia haya. Iliandikwa hivi: "Waya 2.5, roli 14." Hakuna shaba, hakuna kiwango, hakuna urefu. Kama isingekuwa maandishi ya kiwanda kwenye roli, mzee angeniuliza tulikubaliana nini, na ningekosa la kusema. Nililipa fundi wa kuvuta upya kutoka mfukoni mwangu.

Sasa naandika: "Waya ya PVC, shaba tupu, si alumini iliyovishwa shaba, 2.5, ukinzani usizidi omu 7.41 kwa kilomita kwa nyuzi 20, BS 6004, mita 100 kamili kwa roli, alama ya KEBS yenye namba ya kibali. Mnunuzi atapima roli moja kati ya tano kabla ya kusaini." Kwa kebo ya ama naongeza shaba au alumini, ganda la ndani ni XLPE (plastiki inayostahimili joto zaidi) au PVC, na "ncha zote zimezibwa zikifika saiti". Mzee alipoisoma mara ya kwanza alivua miwani, akaisafisha, akaisoma tena. Kisha akaniongezea bei kidogo, nami nikailipa.